Meseji Kumi za Baba

Kibosho Umbwe,
8 Septemba 2003

Kwa Mwenye Duka la Saa na Simu,
Karibu na Soko Kuu, Moshi.

Ndugu,

Pokea salamu. Mimi ni Zita Sylvanus, fundi cherehani wa huku Kibosho. Simu niliyonayo ilinunuliwa dukani kwako mwezi wa pili. Naandika kuishitaki, lakini acha niisifu kwanza, usije ukadhani mimi ni mtu wa kulalamika tu.

Simu hii ni ngumu. Imeshaanguka kutoka kwenye meza ya cherehani mpaka sakafuni ikafunguka vipande vitatu. Nikaviunganisha, ikawaka kana kwamba hakuna kilichotokea. Imenyeshewa mvua, imekaa juani, mtoto wa jirani ameing'ata. Mwili wake sina neno nao. Shida iko kichwani.

Kwanza ni ule mtetemo. Nimeuweka kama karatasi ya maelekezo inavyosema, ukakubali. Lakini simu ikiisha chaji na kuzimika, ikija kuwaka imesahau kila kitu, imerudi kwenye mlio. Huku hatuna umeme, nachajia kwa betri ya gari dukani kwa Filbert, kwa hiyo inazimika mara kwa mara, na mara zote inasahau.

Halafu nikiandika Kiswahili inanisahihisha. Naanza neno la kwetu, yenyewe inamalizia na la Kizungu. Juzi nimeandika kwamba kahawa imeiva, yakatoka maneno ambayo hata Padri, aliyesoma Roma, aliyatazama akanirudishia simu. Na meseji ikiwa ndefu inakatwa, kisha mkia unatangulia kufika kabla ya kichwa.

Naomba uniambie kama kuna dawa. Barua hii naileta kwa mkono wa Filemon, anayeshusha ndizi mjini kwa pikapu. Jibu mpe yeye.

Wako,
Zita Sylvanus


Moshi mjini,
11 Septemba 2003

Dada Zita,

Shikamoo. Barua yako ilimfikia baba yangu, Mzee Harbans, akiwa na kioo chake cha kukuzia jichoni. Alipofika pale mkia unapotangulia kichwa alicheka mpaka kioo kikadondoka ndani ya saa ya mtu. Akaniletea mimi. Baba ni fundi saa. Simu za hapa dukani ziko chini yangu. Naitwa Jasmeet.

Una haki kwa yote uliyosema, na sijawahi kupata mteja aliyeyasema vizuri hivyo. Wengi huja wakasema tu "imeharibika", wakaiweka mezani kama samaki.

La kamusi ya simu inayokusahihisha lina dawa. Ukianza kuandika meseji, bonyeza ile alama ya reli mara mbili mfululizo, nayo itaacha kukusahihisha. La mkia na kichwa ni la mtandao. Andika fupi fupi. La mtetemo, dada, sijui la kufanya. Limo ndani ya ile programu inayoiendesha simu, na programu hiyo imefungwa hukohuko ilikotengenezwa. Mimi naweza kubadilisha kioo, spika, vitufe. Akili yake siwezi kuigusa, ingawa natamani sana.

Lakini kwa nini uhangaike na mtetemo? Weka mlio mkubwa kabisa, utausikia hata ukiwa mgombani.

Nilikupigia jana tumalize kwa maneno, maana karatasi ni ndefu. Simu iliita ikaita. Mwishoni ukapokea, nikasikia cherehani inakwenda, nikasema haloo, haloo, ukanyamaza, kisha ukakata. Nilidhani labda hutaki kuelekezwa na fundi msichana. Wateja wengine wako hivyo. Kama na wewe ndivyo, sema tu, nimeshazoea.

Jasmeet Harbans


Kibosho Umbwe,
15 Septemba 2003

Mdogo wangu Jasmeet,

Marahaba, na unisamehe. Sikujua ni wewe. Nilihisi simu inatikisika kiunoni, nikabonyeza nikidhani ni meseji, nikaona kioo hakina maandishi, nikazima.

Mimi sisikii. Nilikuwa darasa la tano nilipougua homa ya uti wa mgongo. Mwili ulipona, masikio hayakurudi. Sikuliandika hilo mwanzoni kwa sababu nikilisema watu huacha swali langu wakaanza kunionea huruma, na mimi siku ile nilikuwa na shida na jibu. Fundi msichana! Mimi hapa nimeshona suruali za wanaume wa Umbwe nzima, na kuna wazee mpaka leo hawataki niwapime kiuno.

Sasa nikueleze kwa nini nautaka mtetemo.

Mama yangu Salvina alikuwa na ishara zake za mikono, tulizozitunga sisi wawili nilipougua. Baba hakuzijua. Alikuwa akitaka kuniambia kitu anamwambia Mama, Mama ananiambia mimi. Tuliishi hivyo miaka yote, wala hatukuona ubaya wake, mpaka Mama alipofariki mwaka juzi. Hapo nyumba ikanyamaza kwa Baba kama ilivyonyamaza kwangu. Tulikuwa tukipishana kwenye migomba, ananiinamishia kichwa, namwinamishia kichwa, kila mmoja anaendelea na njia yake.

Bei ya kahawa unajua ilivyoanguka. Mwezi wa pili Baba, na uzee wake, akaamua kwenda Dar kulinda yadi ya ujenzi, Ubungo. Kabla ya kupanda basi alipita dukani kwenu, akanunua simu mbili zinazofanana. Moja akamkabidhi Filemon aniletee.

Siku ya tatu nilikuwa nashona kanzu za watoto wa altare. Kitu kikanitikisa kiunoni, nikaruka nikadhani ni mdudu. Nikatazama. Imeandikwa: "Zita hii ni mimi baba. Je inatikisika?"

Nilikaa chini, Jasmeet. Ilikuwa mara ya kwanza Baba kunisemesha bila kupitia kwa mtu.

Tangu siku ile hatujaacha. Ananiuliza habari za ng'ombe, za mfereji, za kahawa iliyochanua. Na ana utani! Nimezaliwa nyumbani kwake, nimekulia kwake, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba Baba ni mtu wa utani. Kwa hiyo simu hii naigombeza, lakini ukiniambia niirudishe tutakosana.

Dada yako,
Zita


Moshi mjini,
19 Septemba 2003

Dada Zita,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama, wateja wakisubiri. Najionea aibu kwa ile habari ya mlio mkubwa.

Baba yako namkumbuka! Alivaa koti zito la mvua siku ya jua kali. Nilimwonyesha simu zote, nikamsifia milio yake. Akasema, "Binti, mlio sina haja nao. Ipi inatikisika vizuri?" Nikampa moja aishike, nikaipigia kwa ya dukani. Ilipotetemeka akafumba macho. Akaniomba nipige tena. Akajaribu nyingine na nyingine, amefumba macho vilevile, mpaka akapata anayoitaka. Nilimwona mzee wa ajabu. Sasa nikikumbuka natamani angerudi nimwamkie upya.

Na wewe nakustaajabu. Watu wanasikia vizuri na hawajui hata baba zao wanacheka kwa nini.

Nimempa Filemon betri ya pili, imetumika lakini nzima. Simu ikikaribia kuisha mpe Filbert mapema, usisubiri izimike. Hata ukibadilisha betri itasahau mtetemo, lakini angalau wewe ndiye utakuwa umeizima, na utajua kwamba unatakiwa kuukumbusha.

Na jambo dogo nilisahau kukuambia. Laini yako inabeba meseji kumi tu. Zikijaa futa za zamani.

Mdogo wako,
Jasmeet


Kibosho Umbwe,
3 Novemba 2003

Mdogo wangu Jasmeet,

Salamu kwako na kwa Mzee Harbans. Nimechelewa kuandika, msimu wa kahawa umenibana na sare za shule nazo zimenibana. Betri ni nzuri mno, Mungu akubariki.

Kuhusu kufuta: nilifuta za kampuni ya simu zote, zile za kunihimiza nicheze bahati nasibu. Zimebaki kumi, zote za Baba, nilizozichagua kati ya nyingi. Hizo sifuti.

Usinione mkaidi. Wewe baba yako akiita toka chumba cha nyuma unamtambua. Mimi sauti ya Baba niliisikia mara ya mwisho nikiwa mtoto, na nimeshaisahau. Najitahidi kuikumbuka, inakuja ya mwalimu wangu wa darasa la nne. Meseji hizi ndiyo sauti niliyonayo. Asubuhi kabla ya kukamua nazisoma zote. Iko hii: "Mlinzi mwenzangu kapika ndizi. Masikini ndizi." Iko na hii: "Mbwa wa yadi kanirarua koti. Tumezungumza. Sasa analala miguuni kwangu." Nyingine fupi tu: "Mvua huko?" Nayo siifuti. Nikiisoma namwona amesimama mlangoni anatazama mawingu ya mlimani.

Ila sasa amenyamaza. Wiki zaidi ya mbili hajaniandikia. Nimemtumia salamu, simu ikasema imetuma, majibu hakuna. Labda nimemkera. Nilimtania kwamba mbwa huyo atakuja kumwita baba kabla yangu. Unadhani mzee anaweza kukasirika kwa hilo?

Halafu kuna kibahasha kimetokea juu ya kioo, pembeni, kinakonyezakonyeza mchana kutwa. Mwanzo sikukiona. Ni pambo?

Dada yako,
Zita


Moshi mjini,
6 Novemba 2003

Dada Zita,

Naandika haraka, Filemon anawasha gari.

Hicho si pambo. Kile kibahasha kikikonyeza maana yake simu imejaa na kuna meseji ziko nje zinagonga. Hazisukumi za zamani zikatoka. Zinasubiri tu kwenye mtandao, na zikisubiri sana zinapotea. Baba yako hajanyamaza, dada. Ni wewe umefungiwa.

Mwezi wa tisa nilikuandikia mstari mmoja tu nikidhani ukifika wakati simu yenyewe itakuonya. Lakini simu hii haina maneno ya kukuonya, inakonyeza tu, kama mtu aliyesimama nyuma ya mwenye nyumba. Aliyeitunga alikuwa wapi siku hiyo, sijui.

Nilitaka zile kumi zihamishiwe kwenye kompyuta ya binamu yangu Hardik. Nimetafuta waya, nikajaribu kwa simu kama yako. Kompyuta haiioni kabisa. Nitaendelea kujaribu. Lakini usinisubiri.

Futa moja. Hata moja tu, ukiwa umesimama hapohapo unaposoma barua hii.

Jasmeet


Kibosho Umbwe,
Ijumaa, 7 Novemba 2003

Jasmeet,

Filemon anageuza gari saa hii hii, ameahidi atakufikishia mwenyewe kabla hujafunga duka. Soma yote, halafu nisaidie.

Leo asubuhi kaka yangu Primus alikuja na vibarua wawili, majembe na mapanga. Nilikuwa ndani nashona, mlango umefungwa kwa ajili ya upepo. Sikusikia kitu, ningesikiaje. Nilitoka kumwaga maji nikaona upande wa chini wa kihamba, shamba letu la ukoo, kandokando ya mfereji, kuko wazi. Mibuni imelala, mizizi juu, na matunda mekundu bado yako matawini.

Nilikimbia nikashika mbuni uliokuwa unafuata. Kibarua akasimama na jembe juu. Primus akaja mbele yangu. Huwa anazungumza nami polepole nimsome mdomo.

Akasema, "Baba alikuuliza. Hukumjibu."

Nikatikisa kichwa, kwamba hakuna aliyeniuliza.

"Amekuandikia kwenye simu yako, Zita. Mara nyingi. Amesubiri. Juzi alipiga kwa Filbert akaniambia, dada yako amenyamaza, basi amekubali, endelea."

Primus si mtu mbaya, usimchukie. Ana watoto, na ameona majirani wanauza nyanya huku sisi tunaning'inia kwenye mti ambao hauna bei tena. Kahawa imemla Baba ujana wake wote ikampeleka kulinda geti la watu uzeeni. Hayo aliniambia. Nilichobaki nacho ni ule mbuni mikononi.

Tukiwa hivyo hivyo ndipo Filemon akatokea na barua yako.

Niliisoma pale pale shambani. Nikatoa simu. Nilizipitia zote kumi kuchagua ya kufuta, Primus anatazama, vibarua wanatazama. Nikafuta "Mvua huko?" Nilidhani hiyo ndiyo nyepesi. Haikuwa nyepesi.

Ikatikisika papo hapo. Imeandikwa: "Primus anataka kungoa kahawa. Sitaki kuamua peke yangu. Wewe ndiye unayeitunza. Unasemaje?"

Nikafuta nyingine. "Zita ulipata? Nasubiri."

Nikafuta ya ndizi. "Labda una kazi nyingi. Nasubiri."

Nikafuta ya mbwa, Jasmeet. "Hujanijibu. Nimeona umeniachia mimi. Haya. Nimemwambia Primus aendelee."

Nilimpa Primus simu asome. Alisoma zote, akaketi juu ya mbuni ulioanguka. Amesimamisha kazi kwa leo. Lakini anasema neno la Baba alilipata kwa mdomo wake, na hawezi kulitengua kwa sababu ya simu mbovu. Vibarua wanarudi kesho asubuhi.

Nimemjibu Baba mara tatu. Simu inaniambia imeshindwa kutuma. Imeshindwa kwa nini, haisemi. Huo ndio ubaya wake: inajua kosa lilipo na inakaa nalo.

Namba yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ningepanda gari nije, lakini nikiondoka shambani sijui nitakuta nini. Wewe una sauti. Naomba uniazime leo. Mwambie maneno yangu kama nilivyoyaandika hapa:

"Baba, sikunyamaza. Sikufikiwa. Sasa nimeulizwa na ninajibu. Pale palipokwisha kung'olewa, Primus apande nyanya zake, na mimi nitamsaidia kumwagilia. Mibuni iliyobaki isiguswe. Naijua mmoja mmoja. Nipe misimu miwili, nikishindwa nitashika jembe mwenyewe."

Zita


Moshi mjini,
Ijumaa hiyo hiyo

Dada Zita,

Nimempata.

Nilipiga mara ya kwanza, imezimwa. Mara ya pili, imezimwa. Baba yangu akaacha saa aliyokuwa anaitengeneza akaja kusimama karibu yangu. Mara iliyofuata ikaita. Nakuandikia kila neno, maana ni mazungumzo yako, mimi nimeyabeba tu.

"Nani?"

"Shikamoo, Mzee. Naitwa Jasmeet, wa duka la simu Moshi."

"Marahaba. Simu ni nzima, binti, haina shida."

"Si ya kwako, Mzee. Ni ya Zita."

"Zita amepatwa na nini?"

"Ni mzima kabisa. Ila meseji zako za kahawa hakuzipata. Amezipata leo mchana. Simu yake ilikuwa imejaa."

"Imejaa nini?"

"Meseji zako, Mzee. Inabeba kumi tu. Alikataa kuzifuta."

Hapo nikadhani amekata. Nilisikia lori linarudi nyuma na mtu anapiga mluzi. Kisha akaniuliza, kwa sauti ndogo, "Zile za mbwa?"

"Zote. Na hiyo ya mbwa."

"Na ya ndizi?"

"Na ya ndizi, Mzee."

"Mimi nilidhani amenichoka," akasema.

Nikamsomea maneno yako. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nirudie. Nikarudia. Nilipofika pale unaposema unaijua mmoja mmoja alisema "Ndiyo" peke yake, kama mtu anayeitikia kanisani. Kisha akaniambia, "Binti, asante. Kata simu, nataka kupiga kwa Filbert amwite Primus. Vibarua kesho walime hapo palipokwisha kuharibika, wasivuke hata mstari mmoja. Huyo aliyesema hayo ndiye mwenye shamba."

Ndivyo alivyosema, dada. Mwenye shamba.

Barua hii itafika kesho asubuhi na gari la kwanza, lakini naamini Filbert atakuwa amekufikia kabla yake. Baba yangu amerudi kwenye saa yake na hafanyi kazi. Ameniuliza kama siku moja tunaweza kuja Kibosho kukuona. Mimi nimemwambia nilishaamua zamani.

Mdogo wako,
Jasmeet


Ubungo, Dar es Salaam,
16 Novemba 2003

Zita mwanangu,

Ni mimi baba yako. Usicheke mwandiko. Naandika kwa penseli ili nikikosea nifute. Mwandiko wangu ni wa shule ya ngumbaro, ile ya watu wazima, niliuonea aibu mbele yako kwa sababu wewe unaandika kama kitabu. Kwenye simu mwandiko wangu na wa mkurugenzi ni mmoja. Ndiyo maana niliipenda simu.

Simu imetuonea mimi na wewe lakini usiitupe. Kabla yake sikuwa na kitu.

Nilikuuliza habari ya kahawa kwa sababu tangu mama yako aondoke wewe ndiye uliyeishika. Nilikuwa nakuona unavyokata matawi. Unakata vizuri kuliko mimi. Sikujua namna ya kukuambia.

Ulipokuwa hujibu nilikuwa nazunguka yadi huku nimeishika mkononi. Mwenzangu akaniuliza una mchumba wewe mzee. Nikamwambia ninaye mtoto.

Jasmeet alinipigia tena akaniambia umefuta meseji zangu shambani, na umeumia. Futa tu. Nitaandika nyingine. Mimi bado nipo.

Nyanya za Primus uzisaidie kama ulivyosema. Nimeongea naye, hana kinyongo.

Nakuja Krismasi. Njoo stendi unipokee wewe mwenyewe, usimtume mtu.

Baba yako,
Sylvanus


Kibosho Umbwe,
4 Januari 2004

Mdogo wangu Jasmeet,

Heri ya mwaka mpya kwako na kwa Mzee Harbans. Mwambie tangu mlipokuja ile Jumapili watoto wa hapa wanashindana kumwigiza anavyotazama kitu kwa jicho moja. Na wewe ulivyokaa kwenye kigoda ukanywa mtori wa ndizi bakuli mbili, wanawake wa Umbwe bado wanakusimulia. Wananiuliza kama ni kweli msichana yule anafungua simu na kuifunga ikawaka. Nawaambia kweli, na kwamba kama angeruhusiwa kuifungua akili yake pia, tusingekuwa na taabu yoyote.

Mibuni iliyobaki inaendelea. Nimeikata upya yote, Primus akanisaidia kubeba matawi. Nyanya zake zimeota kando ya mfereji, namwagilia mimi asubuhi, yeye jioni. Bei ya kahawa bado ni ile ile ya kusikitisha, sikudanganyi. Lakini nimepata mnunuzi anayetaka iliyochambuliwa kwa mkono, na mikono ninayo.

Simu nayo iko vilevile. Inasahau mtetemo, inajaa, inakonyeza. Nimeizoea. Kila jioni nafuta zilizosomwa, nafasi inabaki.

Sasa nikusimulie Baba alivyofika, maana ulipokuwa hapa alikuwa bado njiani, na jambo hili sikutaka kuliandika kwenye meseji likakatwa mkia.

Nilikwenda stendi mapema, nikasimama mahali ninapoona milango ya mabasi. Krismasi unajua stendi inavyokuwa, Wachagga wote wa Dar wanashuka na mabegi na majiko na redio. Basi likaja. Nikatazama kila mzee anayeshuka. Mmoja, wa pili, wa tatu, hakuna Baba. Nikasogea mbele nikampita mtu aliyesimama na begi miguuni, nikaenda kuchungulia ndani ya basi. Tupu.

Mtu akanigusa bega. Nikageuka. Ni yule yule niliyempita.

Jasmeet, Baba alikuwa na masharubu tangu sijazaliwa. Mazito, meusi kisha meupe, yanafunika mdomo wote wa juu na nusu ya wa chini. Midomo ya Mama niliisoma, ya Primus naisoma, hata ya Padri. Ya Baba sikuwahi kuisoma hata siku moja, na sikuwahi kufikiri ni kwa sababu hiyo. Nilidhani ni kwa sababu yeye ni Baba.

Alikuwa ameyanyoa. Yote. Pale yalipokuwa ngozi imepauka kama ya mtoto, na kuna kovu dogo ambalo hakuna mtu hai aliyelijua. Baadaye alinieleza kwamba karibu na yadi yao kuna seremala kiziwi, na siku moja Baba alikuwa anamsemesha, seremala akachukua penseli yake akaandika kwenye ubao: "Mzee, nyoa. Sioni unachosema." Akaenda kwa kinyozi siku hiyo hiyo.

Alisimama mbele yangu, akahakikisha namtazama. Akasema, polepole, na kila neno nililiona:

"Mbona unanipita?"

Tangu shule sisemi mbele za watu. Walinicheka sauti, nikaacha. Sijui siku ile ilitokaje, kubwa au ndogo, nilichoona ni watu wa stendi wakigeuka. Nilisema, "Shikamoo, Baba."

Yeye hakuwatazama. Alinitazama mimi, midomo yake ikafunga, ikafunguka, ikafunga tena, nikalisoma lote toka mwanzo mpaka mwisho: marahaba.

Dada yako akupendaye,
Zita